Mlango Wenye Upande Mweusi

Mwanangu Asifiwe,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi nimekusuka nywele, ukalia kwamba navuta sana, na nilipotoka ulikuwa unakunja upya nguo nilizokwisha kuzikunja. Nakuandikia kutoka darasani. Wenzangu wa mwaka wa sita wamekwenda zao, mwalimu ameniachia ufunguo, na jua la saa tisa linafika mpaka kwenye benchi langu. Nyumbani siwezi. Baba yako mkubwa Lazaro amekaa pale tangu jana akingoja lori la kesho, na kila nikishika kalamu ananiuliza, "Unaandikia nani?"

Nakuandikia wewe. Mimi sikukuzaa. Aliyekuzaa ni yaya yangu Rehema, dada yangu, na mimi ni mdogo wake. Lakini kwetu mdogo wa mama ni mama, hata kama mama huyo bado anavaa sare ya shule. Siku ya kwanza uliponiita mama kwenye lango hili, rafiki zangu walikufa kwa kicheko: "Dorika, weye ulizaa lini? Mutoto iko karibu kukupita urefu!" Nilicheka nao. Lakini niliitika. Nimeitika tangu siku ile, na kesho wakikupakia kwenye lori nitaendelea kuitika.

Mambo ya kuchemsha maji, kuficha viatu ukilala kwa watu na kutojibu wakubwa kwa mdomo mrefu, nayaacha. Unayajua, na usipoyafuata utayajua zaidi. Nina jambo moja tu.

Kabla lori halijafika Marabo, baba yako mkubwa atakuambia kwamba mimi ni mwongo. Atasema nilisimama mbele ya tribinali, nikainua mkono nikaapa, kisha nikameza kiapo changu, na mtu aliyemuua mama yako akatoka gerezani mzima. Atasema ndiyo sababu wakubwa wa ukoo wameamua ukalelewe Beni, mbali nami. Ukisikia hayo usipige kelele kunitetea. Sehemu moja ni kweli. Nilidanganya, nilidanganya nikiwa nimeapa, na nilidanganya mara mbili. Sehemu ya pili, ile ya muuaji kutoka mzima, si kweli. Wewe una miaka kumi na moja na utalazimika kuamua umwamini nani kati ya mtu mkubwa ambaye hajawahi kusema uongo mbele ya watu, na msichana aliyesema. Siombi uniamini kwa sababu nilikubeba mgongoni. Nataka unipime, na barua hii ni ya kukupa vitu vya kunipimia.

Wiki ile ya mapigano tulikuwa tumekimbilia kambi ya karibu na uwanja wa ndege, sisi watatu. Siku ya nne risasi zilitulia kidogo. Mama yako na mimi tulikuacha na jirani kambini tukarudi nyumbani. Tribinali niliiambia tulirudi kuchukua unga wa muhogo. Wewe pia nilikuambia hivyo. Hapakuwa na unga, Asifiwe. Tulirudi kwa sababu yangu. Buletini zangu za shule, zile karatasi za alama, zilibaki chini ya godoro, na nilikuwa nimelia siku mbili kwamba bila buletini hakuna shule itakayonipokea baada ya vita. Yaya Rehema alisema, "Twende basi, utatumaliza na machozi." Hayo ndiyo yaliyompeleka.

Tulipokuwa ndani tulisikia watu kwenye njia. Mama yako alinisukuma nyuma ya jikoni, kwenye lile shimo ambalo tulikuwa tunaivishia ndizi. Nilisimama ndani, udongo ukanifika kifuani, nikachuchumaa, naye akanifunika kwa majani ya mgomba. Aliharakisha. Palibaki nafasi kama ya kitabu kimoja, na katika nafasi hiyo niliona ukingo wa paa na kipande cha mbingu. Halafu nafasi hiyo ilizibwa. Kitu kilikwaruza juu yangu, majani yakasogea, giza likawa giza. Ni baada ya giza hilo ndipo nilipomsikia yaya akitaja jina la Mungu. Kisha sikusikia sauti yake tena.

Nilikaa mle mpaka jua likawa linashuka. Nilipotoa kichwa nilimwona Papa Simeoni, jirani yetu seremala, amesimama na beleshi, udongo mpaka viwikoni. Kando yake palikuwa na kilima cha udongo mpya. Unajua Papa Simeoni ni wa upande upi. Watu walioingia mjini siku hiyo walikuwa wa upande wake. Sikuuliza kitu. Nilikimbia.

Hayo ndiyo niliyoyaona, yote. Mtu na beleshi, baada ya kazi kwisha.

Baba yako mkubwa alifika kutoka Beni njia ilipofunguka. Usimchukie kwa haya ninayoandika. Alikuwa amemzika mdogo wake, baba yako, kabla ya vita, kwa ugonjwa, na sasa mke wa mdogo wake naye amekwenda, na ukoo mzima unamtazama yeye. Alitaka jina. Alinikalisha mbele yake.

"Uliona nani?"

"Nilimwona Papa Simeoni na beleshi."

"Akifanya nini?"

"Akichimba."

"Akichimba tu? Mutu anachimba kaburi ya mutu hakuua? Fikiri muzuri, mutoto."

Nikafikiri vizuri. Siku ya kwanza nilisema nilimwona akichimba. Siku ya tatu nilisema nilimwona akipiga. Mahali nilipovuka kati ya siku hizo sipajui, nimepatafuta na sijapaona. Lakini sababu naijua. Hakuna aliyenipiga wala kunitisha. Kama Simeoni ndiye aliyemuua, basi hakuna atakayeuliza tulirudi nyumbani kufanya nini. Kama ni Simeoni, basi si mimi na machozi yangu. Uongo ule ulinifaa, mwanangu. Ulinikaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo changu.

Na wewe nikakuvisha. Nilikuambia, "Yule ndiye." Ulikuwa na miaka minane. Unakumbuka siku uliyomtemea mate mke wa Simeoni pale kwenye bomba la maji, ndoo yake ikiwa kichwani, hawezi hata kujifuta? Uliniangalia nikusifu. Nami nilikushika mkono tukaenda, sikusema neno. Makosa yangu ni mengi, lakini hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Tribinali ilipoanza kazi tena, Simeoni alikuwa amekwisha kukamatwa. Alilala chini gerezani miezi saba akingoja. Hakimu alikuwa mtu wa Kisangani, mfupi, mwenye kikohozi, anayezungumza polepole kama anayehesabu hatua. Shahidi wa kwanza alikuwa Papa Fidele, shemasi. Unamjua: shati jeupe, viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Alisema vizuri sana. Alisema alikuwa dirishani kwake, akamwona Simeoni, "akainua beleshi mara tatu, na mara ya tatu akasema, leo tumemaliza." Watu waliguna. Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu nyuma ya mlango ulio wazi. Maneno hayo yalikuwa yangu. Tulikuwa tumefundishwa pamoja, kwenye mkeka mmoja, mbele ya baba yako mkubwa.

Nikaingia, nikaapa, nikayasema. Akainua beleshi mara tatu, na mara ya tatu akasema, leo tumemaliza.

Hakimu alikohoa. "Karani, nisomee ya shemasi." Karani akasoma. "Nisomee sasa ya huyu binti." Akasoma. Mimi nilidhani ametupata pale pale, lakini hakusema kitu kuhusu hilo. Aliniuliza shimo lilikuwa na kina gani, majani yalikuwa mengi kiasi gani. Halafu akauliza, kama mtu anayepitisha muda, "Mulirudi kutafuta nini?"

"Unga, muzee."

"Wakati ulikimbia, unga ulibeba?"

Mtu aliyerudi vitani kwa ajili ya unga hawezi kuusahau unga. "Hapana," nikasema, "niliogopa." Akaandika mwenyewe, hakumwachia karani.

Kisha akamwita Fidele tena. "Papa shemasi, anza pale Simeoni alipoweka beleshi chini. Nini ilifuata?" Fidele akafungua mdomo: "Nilikuwa dirishani kwangu..." Hakimu: "Hapana, papa. Baada ya beleshi." Fidele: "Ndiyo, muzee. Nilikuwa dirishani kwangu..." Watu wakaanza kucheka. Mimi sikucheka. Mwalimu wetu wa historia hutufanyia hivyo, hutuambia tuanze somo katikati, na aliyekariri bila kuelewa hurudi kwenye mstari wa kwanza kila mara, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Siku ya pili avoka wa Simeoni, wakili wake, aliomba aitwe Mama Kabibi, muuza samaki. Alisimama na kitenge chake kipya akasema hajui kitu, siku hiyo alikuwa Tchomia, kule ziwani, anachukua samaki. Aliapa kwa watoto wake. Hapo Simeoni, ambaye siku zote mbili alikuwa ametazama mikono yake, akainuka.

"Muzee, Mama Kabibi hakuwa Tchomia. Muende muangalie banda yake ya kukausha samaki. Mulango wa pale ni mimi nilitengeneza, kwa marehemu Rehema. Upande wa ndani ni mweusi."

Mlango ule unaujua kuliko mtu yeyote. Nilisaga mawe ya redio, betri zilizokufa, nikachanganya ule weusi na majani yaliyopondwa, nikapaka upande wa ndani ili tupate ubao wa shule nyumbani. Mama yako alinigombeza siku nzima kwa sababu ya harufu. Jioni yake ulikaa mbele ya mlango na kipande cha chaki ukaandika jina lako, ukasahau herufi moja, na mama yako akaacha kugomba.

Hakimu alifunga daftari lake. "Twende tuone."

Asifiwe, laiti ungeona kartie yetu, mtaa mzima, siku ile. Hakimu mbele, karani nyuma na meza yake ndogo kichwani, Simeoni kati ya polisi wawili, na sisi wote tukifuata. Kila tulipopita watu waliona tribinali inatembea, inatafuta mlango ulioibwa, na kila mtu akakumbuka alichonacho. Wiki ile ya mapigano nusu ya mji ilikimbia, na nusu iliyobaki ikachukua. Mama mmoja alikalia kisanduku akakitandazia kitenge. Mwanaume mmoja alikuwa ameng'oa dirisha kwake mwenyewe, amelikumbatia, hajui alipeleke wapi.

"Muzee hakimu, na huyu pia! Angalia kiti ile, ni ya kanisa!"

"Funga kinywa! Na weye kitanda yako ulitoa wapi, mbinguni?"

"Mimi nilinunua!"

"Ulinunua kwa nani, kwa risasi?"

Hata polisi walicheka. Tulifika kwa Mama Kabibi. Banda lilikuwa linafuka moshi. Mlango ulikuwa pale, upande wa mti ukitazama nje. Hakimu aliuvuta mwenyewe. Upande wa ndani ulikuwa mweusi, umelambwa na moshi, lakini pale chini, ambapo nilikuwa nimechora herufi kwa msumari ili usizisahau, zilionekana bado.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu, muzee," nikasema.

Mama Kabibi alikaa chini palepale, kwenye magamba ya samaki. Watu wakapiga kelele, mwizi, mwongo. Na baada ya kelele akaanza kusema. Alisema hakuwa Tchomia. Aliwafuata wenye bunduki kama wengine walivyokuwa wanawafuata, ili kuchukua watakachoacha. Vijana wawili walimkuta Rehema nyuma ya jikoni. Mmoja alikuwa amevaa sweta nyekundu ya mwanamke. Mwenzake alikuwa na panga, na ndiye aliyefanya. Hakuwajua. Walipoondoka yeye alianza kung'oa mlango, na Simeoni akapita kwenye ua wa michongoma akiwa na beleshi, akamwambia, "Mama, ngoja hata nimufunike kwanza." Hakungoja. Alibeba mlango akapita nao kando ya maiti.

Avoka wa upande wetu akasimama. "Muzee, huyu mwanamke aliapa asubuhi kwa watoto wake, na saa sita amekuwa muongo. Alidanganya juu ya mlango. Atashindwa namna gani kudanganya juu ya mauaji? Maneno yake yote yatupwe."

Ukumbi wote, yaani uwanja mzima wa samaki, ukaitikia. Na mimi nilitamani hakimu akubali, nakwambia kweli. Hakimu alijifuta jasho, akamjibu avoka.

"Maître, kama nitafukuza kila shahidi aliyeshika kitu cha mwenzake wiki ile, katika kartie hii nitabaki na mbuzi tu. Mama huyu alidanganya, na uongo wake ulikuwa na kazi. Ulikuwa unalinda mlango. Sasa mlango umeonekana, uongo hauna kazi tena." Akamgeukia Mama Kabibi. "Mama, huyu Simeoni ndiye amekuaibisha leo mbele ya watoto wako. Unamupenda?"

"Namupenda juu ya nini? Angeacha kutaja mlango yake!"

"Basi unamutetea juu ya nini?"

"Simutetei. Niliona nilichoona. Na nyote mutasema mimi ni mubaya, mimi nilipita kando ya maiti na mlango kichwani, kwa hiyo hamutasikia." Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama vile amekumbuka kitu kisicho na maana. "Na mule shimoni kulikuwa mutu. Majani yalitikisika. Yule wa sweta alikuwa anakuja upande ule. Nilisukuma majani na mguu, nikafunika."

Mwanangu, sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu yale majani. Si wewe, si Lazaro, si Fidele. Nilikuwa nimeyanyamazia kwa sababu kama giza liliingia kabla ya sauti ya yaya, basi sikuweza kuona beleshi wala mtu. Hakuna mtu duniani aliyeweza kujua kwamba majani yalikwaruza ila mimi niliyekuwa chini na mtu aliyekuwa juu. Na mtu huyo alikuwa ameketi mbele yangu kwenye magamba, mwizi na mwongo, na alikuwa anasema kweli. Tena ndiye aliyenificha.

Ningeweza kunyamaza. Nataka ulijue hilo. Watu wote walikuwa upande wangu. Hakuna aliyenitazama. Simeoni mwenyewe alikuwa anatazama bawaba za mlango wake, akichunguza jinsi zilivyong'olewa. Nadhani ni kule kuangalia bawaba kulikonifungua mdomo. Mtu anayekaribia kuhukumiwa kifo, na anasikitikia skrubu zilizovunjwa.

Nikasema, "Ni kweli. Kulikuwa giza. Sikuona."

"Nyamaza, weye mutoto!" Baba yako mkubwa.

"Sikuona mtu akipiga. Nilimwona Papa Simeoni jioni, akichimba. Yale ya beleshi mara tatu nilifundishwa."

"Dorika!"

Hakimu aliinua kidole, Lazaro akatulia. "Na unga?" hakimu akauliza.

"Hapakuwa unga, muzee. Ilikuwa buletini yangu ya shule."

Hakuandika hilo. Alifunga kalamu yake, akaniambia, "Jifute uso, binti." Sikujua kama nalia.

Simeoni alifunguliwa, nami nikakuambia tu kwamba si yeye, bila kukueleza zaidi. Wale vijana wawili hawakupatikana mpaka leo, na huenda hawatapatikana. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ukoo haunisamehe. Wanasema kwamba bora Simeoni kuliko kukosa mtu. Mimi nasema hapana. Nimelisema mbele ya wakubwa wote nikiwa nimesimama, na wakaniambia nimeuza damu ya dada yangu, na nimelisema tena. Mama yako hakupewa haki kwa uongo wangu, alipewa kelele. Na kumbuka jambo hili unapomfikiria Simeoni: watu wengi wa wiki ile hawana kaburi. Mama yako analo, na juu yake pana ubao wa mninga wenye jina lake, kwa sababu mtu wa upande ule alipita kwenye michongoma mchana, wenye bunduki wakiwa bado njiani, na beleshi lake.

Siku uliyokuwa mgonjwa wa malaria nilikwenda kwa mke wake kuomba msamaha kwa yale mate. Nilisema nitakuleta nawe uombe. Alikuwa anapepeta maharage, hakuinua kichwa. "Mutoto hana kosa," akasema. "Mate ilikuwa yako." Nikarudi. Alisema sawasawa.

Tribinali ilinirudishia mlango. Unakumbuka Simeoni alipokuja kuutia kwenye chumba chetu cha kupanga, wewe ukimshikia misumari? Ulishangaa kwamba sikumsalimu. Nilimsalimu, sauti haikutoka. Naye aliniambia, wewe ukiwa umekwenda kuleta maji, "Nimekuja juu ya mulango, si juu yako. Miezi saba nililala chini juu ya mdomo yako." Alipiga msumari mmoja, wa pili, kisha akauliza, "Upande mweusi ndani?"

Nikasema, "Nje, papa. Utazame njia."

Akaugeuza. Tangu siku ile umeniuliza mara ngapi kwa nini tumegeuza ubao, kwa nini hatuandiki kitu? Nilikuwa naogopa.

Sasa nipime. Baba yako mkubwa hasemi uongo hadharani, ni kweli. Lakini muulize, au jiulize mwenyewe akiwa amesinzia kwenye lori, kama amewahi kusema jambo linalomuumiza yeye mwenyewe. Fidele alikuwa safi kutoka shati mpaka viatu, na hakuwa na neno hata moja la kwake. Mama Kabibi alinuka moshi na wizi, na ndiye aliyekuwepo. Mimi nilikuwa na uongo wa aina mbili, mmoja wa kuficha aibu yangu na mmoja wa kumfunga mtu, na ule mdogo ndio uliouzaa mkubwa. Ningesema buletini siku ya kwanza, nisingehitaji beleshi. Ukiwa Beni utadanganya, kila mtoto hudanganya, na mimi sitakuwepo kuona masikio yako yakisogea. Utakapodanganya, angalia tu uongo wako unalinda nini. Ukiujua mlango wako uko wapi, utaweza kurudi.

Na mimi je, napata nini kwa kukuandikia haya? Nimekupoteza wewe. Rafiki wawili hawakai tena benchi moja nami. Mwaka huu nafanya mtihani wa taifa, na buletini hazikupatikana kamwe, mwalimu mkuu alinipokea bila hizo, kwa maneno yangu tu. Fikiria hilo, kwa maneno yangu. Nitafaulu. Nitasoma sheria, Kisangani au popote watakaponichukua, na siku moja nitakaa mahali alipokaa yule mzee mwenye kikohozi, na waongo wataletwa mbele yangu, nami nitawasikiliza mpaka mwisho. Nikimaliza nitakuja Beni kukuchukua. Wakubwa wakisema hapana, nitauliza tena nikiwa nimesimama.

Jua limetoka kwenye benchi langu, na nimeomba chaki mbili kwa mwalimu. Moja nimeikunja ndani ya barua hii. Nyingine ni yangu. Kesho kabla hujaamka nitaandika kwenye upande mweusi, kwa herufi kubwa ili hata dereva wa lori azione: SIMEONI HAKUMUUA REHEMA. NILIDANGANYA. DORIKA. Mvua ikifuta, nitaandika tena. Mtu akifuta, nitaandika tena mbele yake.

Utakapotoka na mfuko wako, baba yako mkubwa atakuvuta mkono mpite haraka. Usibishane naye. Geuza shingo tu. Kusoma unajua. Nilikufundisha mimi, kwenye mlango huohuo.

Mama yako,
Dorika